Siku Tuliyoshikishwa Vitabu

Jumapili iliyopita, rafiki yangu, nilikuwa nimekaa nje ya nyumba yangu hapa Shanwe, mjini Mpanda, nachambua mchele, simu ikaanza kulia mfululizo. Ni lile kundi letu la wapenda vitabu. Tumo watu wa kila aina: mafundi cherehani kama mimi, manesi, madereva wa bodaboda, na mwenye duka mmoja wa Majengo ambaye husoma akiwa amekalia gunia la sukari huku wateja wakimsubiri. Kila Jumapili jioni kila mtu anapiga picha jalada la kitabu anachosoma, anaandika mistari miwili ya kukisifia au kukiponda, halafu tunaanza kuombana. Nani amekimaliza? Nipitishie kesho dukani. Usikikunje kurasa kama ulivyokunja kile kingine. Ndiyo raha kubwa niliyobaki nayo, sioni aibu kuisema.

Siku hiyo kelele hazikuwa za kitabu. Admini alikuwa amemwingiza mtu mpya, mwalimu mkuu mstaafu, na watu walikuwa wanampokea kwa shikamoo zisizokwisha. Mzee naye hakukawia. Aliandika maneno marefu kuhusu vijana wa leo wasiopenda kusoma, na jinsi watoto wa shule yake enzi zile walivyokuwa wakilala na kuamka na vitabu. Wakampigia makofi ya kwenye simu. Mmoja akamwita baba wa wasomaji. Nikaifungua picha yake, kipara, miwani, tai nyekundu, nikamtambua kabla sijatazama jina. Alikuwa mwalimu mkuu wangu, kule kijijini kwetu upande wa Mamba.

Baadaye admini, kijana mwema asiye na kosa lolote katika haya, alinitumia ujumbe pembeni. "Dada, si ulipita mikononi kwake wewe? Tunataka siku ya mkutano wetu tumvishe vazi na tumpe kiti cha heshima. Tuandikie kumbukumbu ya utoto wako, ukurasa mmoja hivi, namna alivyowafundisha kupenda vitabu. Uwe mtamu." Nikamjibu sawa. Ndiyo huu naandika, ila utamu wenyewe sijui nitautoa wapi.

Kwetu watoto tulijifunza kupenda vitabu juu ya ulingo. Kama hujaishi kwenye nchi ya mpunga nikueleze: masuke yakianza kujaa, kweleakwelea wanakuja kwa maelfu, na shamba lisilolindwa linabaki makapi. Kwa hiyo kila nyumba hujenga ulingo katikati ya shamba, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, na mtoto hupandishwa huko na debe bovu la kupiga na kombeo la kurushia tope. Tulikwenda alfajiri kabla ya shule, tukarudi tena baada ya shule, na Jumamosi tulishinda huko kutwa. Bibi yangu alinifungia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye jani la mgomba, na kibuyu cha togwa iliyoanza kuchacha. Hadi leo nikisikia harufu ya togwa nasikia na debe.

Kazi ya kuamia ndege, yaani kuwafukuza shambani, ni kupiga kelele kidogo na kukaa bure sana. Ndipo vitabu vilipoingia. Usidhani vilikuwa vingi. Katekista alikuwa na vijitabu vya maisha ya watakatifu. Kulikuwa na kijitabu cha ufugaji wa kuku kilichoachwa na bwana shamba. Kulikuwa na hadithi moja nene isiyo na jalada wala kurasa za mbele, hata jina lake hatukulijua, tuliiita Kile Kinene. Na makaratasi mengine ya kuokoteza. Hivyo vilizunguka kutoka ulingo hadi ulingo msimu mzima, vikiwa na alama za tope na mafuta ya karanga.

Aliyevizungusha alikuwa rafiki yangu, msichana wa jirani, ambaye ulingo wao ulitazamana na wetu. Baba yake alikuwa amefariki, akaishi kwa baba yake mdogo. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa isiyolingana na mwili wake, na alisoma kwa kasi ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote, hata hawa wenzangu wa kwenye kundi wanaojisifu. Yeye ndiye aliyeanzisha mtindo wa kunadi. Siku za mnada wa ng'ombe tulikuwa tunakwenda kumsikiliza mnadi, anavyomsifia fahali mpaka mtu anasahau kwamba hana zizi. Basi rafiki yangu akimaliza kitabu alisimama juu ya ulingo, akakiinua juu, akaanza.

"Haya haya haya! Kitabu hiki hapa! Humu mna mtu ana ng'ombe kundi zima na hana hata rafiki mmoja wa kula naye ugali! Usiku mmoja anasikia mlango unagongwa. Nani huyo? Siwaambii! Nani anachukua?"

Nasi tulijibu kutoka ulingo wa mbali na wa karibu, mmoja anatoa muhogo wa kuchoma, mwingine karanga, mwingine anaahidi kumwamia ndege wake mchana kutwa. Aliyetoa zaidi alikipata. Sheria ilikuwa moja tu, hakuna kusema mwisho. Ukiropoka mwisho unashuka kwenda kulinda mashamba ya wenzio wakila. Siku moja alinadi kile kijitabu cha ufugaji wa kuku. "Haya! Mna tetea humu asubuhi kaanza kukohoa, shingo imelegea. Jioni yuko wapi? Siwaambii!" Tulikigombania kijitabu cha mdondo, ugonjwa wa kuku, na kuna mtoto alilia alipofika ukurasa wa chanjo akajua kwamba tetea amechelewa. Bibi alikuwa akipita chini ya ulingo anatukemea kwa Kipimbwe, halafu anamalizia kwa Kiswahili ili wote tusikie: "Ndege wakimaliza mpunga, nyie mtakula hayo makaratasi!" Lakini jioni kwenye moto, mikono ikiwa kwenye mlenda, yeye ndiye aliyeuliza wa kwanza kama yule mwenye ng'ombe alifungua mlango au hakufungua.

Mwaka mmoja lori lilileta maboksi shuleni kwetu. Tulitolewa madarasani tukayabeba kichwani mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu. Yalikuwa mazito, na moja lilikuwa limepasuka ubavuni, likatoa harufu ya karatasi mpya na gundi. Vilikuwa vitabu vya hadithi, vya Kiswahili, vya rangi, tulivyotumiwa na wafadhili. Sikulala vizuri siku hiyo kwa furaha. Kesho yake fundi akaleta kabati kubwa lenye milango ya vioo, vitabu vikapigwa muhuri, vikapangwa, na mwalimu mkuu akafunga kufuli, akauning'iniza ufunguo kwenye mkanda wake.

Tulisubiri kutangaziwa siku ya kuazima. Haikuja. Mwalimu wa darasa letu alipouliza mkutanoni, tulisikia dirishani akijibiwa na mwalimu mkuu kwamba vitabu ni mali ya wafadhili nao watauliza hali yake, na kwamba watoto hawa mikono yao ni ya tope na karanga. Mimi sikatai, mikono ilikuwa ya tope. Lakini yule mtu alikuwa mwalimu, si mlinzi wa ghala. Na hakuwa mtu mkatili wa kila siku. Alijua kuimba, alitufundisha kupanda miti, na akikuta mtoto ana homa alimbeba kwenye baiskeli yake mpaka zahanati. Ndiyo maana jambo hili linanikera zaidi, kwamba alikuwa na moyo wa kutosha kwa kila kitu isipokuwa hicho kimoja.

Rafiki yangu alijiombea zamu ya kufagia ofisi. Alifagia polepole mno. Alibandika uso kwenye kioo akasoma migongo ya vitabu, jina baada ya jina, na pale ambapo kitabu kilikuwa kimelazwa alisoma na picha ya jalada. Alasiri juu ya ulingo alitunadia vitabu ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvifungua. Alitunga mwenyewe kilichomo, kutokana na jina na picha tu. Tuliviomba, tulivitolea karanga, kisha tukakumbuka kwamba hakuna cha kukabidhiwa. Alituambia tusiwe na haraka, siku kabati likifunguliwa yeye atavisoma vyote kuanzia kushoto juu mpaka kulia chini, na atatuletea kimoja kimoja. Hakuwa akitania. Ndicho kitu pekee nilichowahi kumsikia akikitaka.

Kabati likafunguliwa. Ilitangazwa kwamba wafadhili wanakuja kuona vitabu vyao, na wiki nzima hatukusoma hesabu wala sayansi, tulisomeshwa kusoma. Namaanisha tulifanya mazoezi ya kuonekana tunasoma. Kwa kuwa vitabu vyenyewe vilikuwa bado kabatini, tulishika madaftari. Mwalimu mkuu alipita kati ya madawati akituweka sawa. "Inamisha kichwa. Kunja uso kidogo, kama mtu anayefikiri. Mgeni akipita karibu, funua ukurasa mmoja, taratibu. Usimtazame mgeni. Usiguse meno." Tulirudia mpaka shingo zikauma.

Siku yenyewe tulinawishwa kwa sabuni mpaka viwikoni, tukakaa wawili wawili, na vitabu vikatolewa. Mimi nilipewa kimoja chenye picha ya mtumbwi. Kwa kuwaza kukunja uso sikuelewa hata sentensi moja. Wageni waliingia, wakapiga picha, wakatabasamu, mmoja alinishika bega. Nilikunja uso nikafunua ukurasa mmoja taratibu. Walikaa muda mfupi tu, kisha wakapelekwa chumba cha walimu kula wali na kuku, na sauti zao zikapotea.

"Haya, leteni," alisema mwalimu mkuu kwa sauti ya chini, akasimama mbele akinyoosha mikono. Tulipanga foleni tukarudisha. Alivipokea akikagua kila kimoja, akivipangusa kwa leso. Foleni ikaisha. Rafiki yangu alikuwa bado amekaa dawati la nyuma, kichwa kimeinama, uso haukukunjwa hata kidogo. Alikuwa anasoma. Alikuwa anasoma kweli, midomo inacheza, amefika mbali, labda robo ya kitabu, kwa ile kasi yake.

Aliitwa, hakusikia. Aliitwa tena kwa jina la baba yake, hakusikia. Sisi tulianza kucheka, tukiamini naye mwalimu atacheka. Hakucheka. Alitembea mpaka nyuma, akamshika shingo kwa mkono mmoja na kitabu kwa mwingine, akavuta vyote viwili kwa wakati mmoja. Naye kwa kushtuka alikibana kitabu kifuani. Ukurasa ukachanika. Ilikuwa sauti ndogo tu, lakini darasa zima tuliisikia.

Unajua nilichotarajia? Nilitarajia fimbo. Fimbo tulizizoea, zinapita. Mwalimu mkuu aliutazama ule ukurasa, akatazama mlango wa chumba cha walimu ambako wageni walikuwa wanakula, na nikaona kabisa kwamba anaogopa. Mtu mzima anaogopa karatasi. Akamwambia, "Wewe ndiye unayetaka kuniharibia kazi. Toka. Usirudi hapa mpaka uje na mzazi wako." Akatoka. Viatu vyake alivisahau chini ya dawati, mimi ndiye niliyempelekea jioni.

Baba yake mdogo hakwenda shuleni. Masuke yalikuwa yameiva na wanawe mwenyewe walikuwa wadogo. "Kama wamemfukuza, basi akae, ndege wapo," alisema, na kweli hakumaanisha ubaya, aliona tu kwamba Mungu amemletea mtu wa kulinda shamba kutwa nzima. Bibi yangu ndiye aliyevaa kitenge chake cha kanisani, akachukua jogoo, akaenda kumwombea mtoto asiye wake. Mwalimu mkuu alimpa kiti, akamsikiliza kwa adabu, akapokea jogoo, akasema atalifikiria. Bibi alirudi akiwa na matumaini. Baada ya mavuno akaacha kulizungumza, na nadhani jogoo aliliwa mapema kuliko hapo.

Sisi tuliendelea na shule. Alasiri tukirudi tulimkuta juu ya ulingo tangu alfajiri, sauti imekauka kwa kupiga kelele. Mwanzoni nilimpelekea kila nilichopata. Katekista aliposikia alinipa kitabu chake kipya kabisa, nikakimbia nacho mpaka shambani. Alikipokea, akakiweka chini ya kibuyu cha maji. Wenzetu wa mashamba ya mbali wakapaza sauti wakimwomba anadi, "Haya, leo una nini? Tunaanza na karanga!" Akawajibu, "Nadini nyie." Basi nikajaribu mimi. Nilisimama nikainua kitabu, nikaishia kutaja jina lake tu, mtu mmoja akazomea, nikakaa. Baada ya hapo hakuna aliyenadi tena.

Msimu uliofuata hakuwepo. Shangazi yake wa upande wa Karema, huko ziwani, alihitaji mtu wa kumsaidia kuanika dagaa, na lori la mpunga lililokuwa linaelekea huko likampakia asubuhi nikiwa darasani. Nilisikia kwamba ameolewa kabla mimi sijamaliza darasa la saba.

Na kabati? Nililiona likifunguliwa mara ya pili. Wageni wengine walikuwa njiani, tukaitwa wakubwa wachache kusaidia kupangusa. Mwalimu mkuu alifungua kufuli, akavuta kitabu cha kwanza, na mkononi mwake ukabaki mgongo wa kitabu na vumbi jekundu. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni kwa nyuma, wamekula rafu baada ya rafu, wakaacha ile migongo imesimama vizuri ikitazama kioo. Safi, bila tope wala mafuta ya karanga. Tulivibeba kwa karai tukavichoma nyuma ya vyoo, naye akatusimamia akatuambia mambo ya shule hayasemwi nyumbani. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua pa kuipeleka, maana kwetu mtoto hakasiriki na mwalimu.

Nimekuwa mtu mzima sasa na hasira ninayo bado. Ukipita Mamba msimu wa mpunga leo utaona majukwaa yale bado yamesimama, na watoto wa huko wana simu zinazopiga muziki, ndege wanakimbia vilevile. Hakuna anayenadi kitabu. Nimewaulizia wale wachache tuliokua pamoja, na wengi wamesahau kwamba tuliwahi kugombania hadithi ya tetea mgonjwa. Wananiambia labda nimeiota.

Kwa hiyo kabla ya kuandika nilimtafuta rafiki yangu mwenyewe. Namba yake nilipewa na mama anayeleta migebuka, samaki wa ziwani, sokoni hapa Mpanda, kumbe ni jirani yake. Nilipiga juzi mchana. Alinitambua kwa kicheko. Tulisalimiana kwa kirefu, tukaulizana watoto, akanipa pole ya bibi ingawa ni miaka mingi. Nikamweleza habari za vazi na kiti cha heshima.

"Kumbe mzee bado yuko hai," alisema.

Nikamwuliza swali nililolibeba tangu utoto. Nilidhani kitabu alichonyang'anywa bado anacho, kwamba amekibeba kichwani miaka yote, na kwamba siku nikimwuliza atakinadi upya. Nikamwuliza, "Kile kitabu cha siku ile, kilikuwa kinahusu nini?"

Nilisikia ziwa, au upepo, sijui. "Mwenzangu, sikumbuki. Hata neno moja. Nakumbuka kucha zake tu, hapa shingoni."

Nikamwambia basi mimi naandika, na nitamtumia yeye kwanza asome yote, asipokubali siweki kwenye kundi, hata admini akasirike.

"Maandishi usinitumie, ndugu yangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayekueleza bei ya dagaa. "Mi nilishaacha siku nyingi. Herufi zinanichanganya, nikifika mwisho wa mstari nimesahau mwanzo. Meseji zangu huwa ananisomea mtoto akirudi shule, na haya sitaki ayaone mtoto. We niongelee tu. Nitumie sauti, ndo nitasikia."

Nikamwambia sawa, nikakata simu, nikalia pale pale kwenye cherehani, mteja akidhani nimefiwa.

Basi hizi kurasa nimezimaliza, na zimezidi ule ukurasa mmoja nilioombwa. Admini atangoja kidogo. Kesho asubuhi, watoto wakishaondoka, nitafunga mlango, nitamsomea rafiki yangu yote kwa sauti kwenye simu, polepole, kama anavyosomewa mtu ambaye hajawahi kukaa na kitabu mkononi.